Fundi Mapipa na Askari wa Mfalme

Fundi mapipa wa kijiji chetu, hapa Massachusetts, koloni la mfalme wa Uingereza, alikuwa na viganja vipana vyenye makovu ya chuma, na sauti ya upole hata akigombana. Tuliposusia chai kwa sababu ya kodi ya Waingereza, naye alisusia, lakini kila akigonga pipa alituonya, “Jamani, tunadai haki zetu tu. Sisi bado ni watu wa mfalme.” Tulimtania, “Mkwe wa mfalme huyo!” Alicheka nasi, akaendelea kugonga.

Asubuhi moja ya Aprili, askari wa mfalme walipokuja kusaka baruti tuliyoificha, alitoka na aproni yake, akasimama barabarani mikono juu. “Ndugu zangu, tuzungumze.” Wakafyatua bunduki. Risasi ikampata jirani yake, mzee Eliphalet, aliyekuwa mlangoni. Fundi akambeba ndani, akamfumba macho, akanawa damu taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akaja kwangu.

“Jirani, una bunduki mbili. Niazime moja.”

“Na mfalme je?”

Akanyoosha mkono, nikampa moja. Akaipokea bunduki, mtutu ukimwelekea mwenyewe kifuani.

“Nionyeshe kwanza inavyojazwa,” akasema. “Sijawahi.”