Mke Asiyetaja Jina

Usiku nilisikia kishindo kimoja: jirani yangu wa chumba cha pili, hapa Kariakoo, alikuwa ameanguka, akakimbizwa hospitali. Asubuhi nilimsindikiza mkewe kwenda kumwona. Karani wa dirishani akataka jina la mgonjwa.

“Baba Mwajuma,” yule mama akajibu. Hata mimi, mpangaji mwenzao, sikujua jingine.

“Mke hulijua jina la mumewe,” karani akasema. “Wewe hulijui. Basi wewe si mkewe!”

“Nalijua, mwanangu. Silitaji. Ni heshima.”

“Mtaje, mama, jua linatuchoma!” foleni nyuma yetu ikapiga kelele.

Hoja ya karani ilinyooka kama rula, ila tamko lake la pili lilikuwa la uongo: kutotaja si kutojua. Lakini mwenye ufunguo wa wodi alikuwa yeye. Mama akajifunika kanga hadi machoni, akaliambia dirisha:

“Kibwana.”