Siku Binti Yangu Aliponichora Makumbusho

Admin, nifichie jina tu, uzee usinifichie. Nina miaka themanini kasoro, mke alishatangulia, naishi Igoma na kuku wangu. Shule nilikomea darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie.

Miaka ile ya tisini viwanda vilipouzwa, kiwanda chetu cha nguo kilipata mwenyewe mpya, akatupalilia kama magugu. Nikapata kibarua kwenye makumbusho moja ya mambo ya Kisukuma. Kazi yenyewe kuvaa kaniki, kukaa mlangoni mwa msonge na kuwa mtu wa kale. Nilikuwa na miaka hamsini tu, na suruali ya mtumba chini ya kaniki, lakini wageni waliniangalia kama nimefukuliwa.

Binti yangu alikuwa sekondari mjini, anasoma sanaa. Wenzake aliwaambia baba yake mhasibu. Jioni moja akaniambia, "Baba, kesho mwalimu anatuleta kwenye kazi yako kuchora. Naomba usinijue."

"Sawa dada, kwani wewe nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wakaja. Mwalimu akaninyooshea rula: "Mchoreni huyo, na kigoda chake." Mmoja akauliza, "Mwalimu, anaongea?" Na binti yangu, damu yangu, ili asishukiwe, akadakia: "Msisahau meno. Yamebaki mawili, chora haraka kabla hayajadondoka!" Walicheka wakashikana mabega.

Sasa kwetu binti humsalimia baba yake kwa kupiga goti, na hawa wote walinisalimia wima. Nikamwambia mwalimu, "Niwaonyeshe salamu ya zamani. Nipe yule mrefu."

Binti yangu akapiga goti vumbini. "Shikamoo."

"Shuka zaidi."

"Shikamoo, mzee."

"Mzee nani? Sema baba. Sauti!"

Darasa linashangilia. "Shikamoo, baba." Machozi yanadondokea karatasi yenye uso wangu.

"Marahaba, mwanangu. Ungefaa kweli kuwa wangu." Wakanipigia makofi.

Hakurudi nyumbani. Alihamia kwa kaka yangu Igogo, na ng'ombe wa mahari yake wakapokelewa huko huko. Mimi hata mkia sikuuona. Na msianze kuniambia niombe radhi. Nani alianza?

Tatizo langu ni hili. Jicho la kushoto limezima. Mwezi jana binti amemtuma mtu: ana nyumba Mkolani, chumba kipo, ugali na sato vipo. Sharti moja. Watoto wake wanajua babu yao alikufa zamani, kwa hiyo niingie kama mzee asiye na ndugu, aliyesitiriwa kwa huruma, na yeye nimwite "mama" kama wapangaji wanavyomwita. Nikikosea mara moja, natolewa na kapu langu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikaanza kuhesabu. Wajukuu watatu, sijamwona hata mmoja. Nasikia wa mwisho ni mtundu, anawatania hadi walimu. Huyo amerithi kwa nani?

Niende nikawe maiti inayokula ugali, au nifie Igoma nikiwa baba wa mtu? Nishaurini, nifanye nini? Ila msijivute, jicho la kulia nalo limeanza ukungu, na nikienda nimechelewa nitaambulia kuwasikia tu.