Mkasi wa Gikomba

Nilikuwa naandika riwaya ya London ya zamani, enzi za yule malkia wao aliyetawala hadi akazeeka, mji wa moshi wa makaa na taa za gesi. Ndani yake niliwaingiza wale dada watatu wa hadithi za Wagiriki wa kale: mmoja husokota uzi wa uhai wa kila mtu, wa pili huupima, wa tatu huukata, na mtu hufa papo hapo. Niliwapa duka la kushona nguo. Kilichoniudhi ni ukurasa mzima niliopoteza nikimweleza msomaji wa Kiswahili uzi na kifo vinahusiana vipi.

Siku moja nilitoka nyumbani, mtaa wa Umoja, na koti zito la mtumba, nikalipeleka soko la Gikomba likapunguzwe. Kibandani walikuwa kina mama watatu. Mmoja alifumua pindo, akivuta uzi taratibu. Wa pili alinizungushia futikamba. Wa tatu alishika mkasi.

"Mmesikia?" akauliza aliyekuwa akifumua. "Yule mzee wa makaa amekata kamba."

"Woi! Lini?" akauliza wa pili.

"Jana."

Nywele zilinisimama. Amekata kamba! Tangu utotoni nimesema hivyo kuhusu waliokufa, wala sikuwahi kujiuliza ni kamba gani. Na mimi nilidhani nawaleta wale dada kutoka ng'ambo, kumbe walishafika kitambo, wakakaa ndani ya lugha yetu.

Wa tatu aliinua uzi wa koti langu, akafungua mkasi.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali, usiharakishe."