Bastola mbovu ya Mzee Amirali

Leo bastola imenikwamia mkononi, nikafurahi kama nimeshinda bahati nasibu!

Mimi niliyeishi Dubai na Joburg siuziwi kitu kibovu. Nimekwenda uwanja wa shabaha huku ughaibuni, Brampton, kujaribu bastola ndogo ya mtumba anayoiuza Mzee Amirali. Kwenye simu tuliongea Kiingereza tupu.

Risasi tatu za kwanza katikati kabisa (mnanijua). Ya nne ikakwama.

Mzee nyuma yangu akaifokea bastola yake: "Mshenzi huyu, ananiaibisha!"

Kiswahili! Cha Tanga!

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Tukasahau bastola. Mkewe amefariki, wajukuu wanamjibu Kiingereza. Na mimi, pamoja na maneno yangu yote haya, tangu baridi ianze naongea na sufuria zangu.

Mwishowe akafunga sanduku lake. "Basi, hununui."

Nikaona anaondoka hivi hivi.

"Mzee, mtaalamu haamui siku moja. Jumamosi niijaribu tena?"

"Itakwama tu, mwanangu."

"Najua, mzee."

Akanitazama, akacheka. "Basi nitaleta chai."

Haya, nichekeni. Ila mlioko Brampton mnaoongea na sufuria kama mimi, njooni Jumamosi. Kunywa chai hakuhitaji leseni.