Gari la Kismayu Lisilo na Kutu

Nakumbuka asubuhi moja ya Ijumaa nilimletea mamangu gari la babangu mpaka mlangoni kwetu Mombasa, na babangu hakuwahi kuliona gari lile hata mara moja. Mwanangu Shee, isome tena sentensi hiyo, kisha uzitazame zile picha kumi na moja ulizonitumia. Kumi na moja! Taa, usukani, viti vyekundu, wewe mwenyewe umeegemea mlango. Ya chini ya gari hakuna. Na kwa hizo unataka kuuza boti inayolisha watoto wako, eti ununue gari la kizamani la kukodishia maharusi.

Nianze mwanzo, maana naona hutaelewa mpaka uelezwe kwa mpango.

Babangu alikuwa na duka la nyavu Kismayu, na gari dogo la Kitaliano la rangi ya maziwa. Vita vilipoingia alitupandisha boti, mimi na mamangu, akasema atabaki siku chache kulinda duka kisha atatufuata. Hatukumwona tena. Tulishukia Kiunga, tukaishia Mombasa, nikapata kazi ya kutengeneza boti za faiba. Miaka ikapita. Ndipo mtu mmoja aliponiambia ana gari la kizamani lililotoka Kismayu. Nikaenda kuliona. Kibao cha namba kilikuwa cha babangu. Namba ile naijua kama jina langu, na pembe moja ilikuwa imekunjika, pale alipogonga ukuta wa duka akirudi kinyumenyume. Kilifungwa kwa waya. Sikujiuliza kwa nini.

Ningesema sikukagua, ningepata udhuru. Nilikagua, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nililala nikaingia chini yake, kama tunavyokagua boti iliyopandishwa ufukweni, nikadungadunga kwa msumari kutafuta palipooza. Palikuwa pazima kote. Nikatoka nikicheka.

"Halina kutu hata chembe!"

"Vitu vya zamani hivyo, kaka," muuzaji akasema. "Siku hizi hawatengenezi tena."

Mamangu alikuwa na bangili mbili za dhahabu alizotoka nazo Kismayu zimefungwa kwenye leso. Nilimwomba, akanipa, kwa sababu nilimwambia gari likipatikana, habari za mwenyewe haziko mbali. Kwa bangili hizo nikalinunua.

Alipotoka kuliona, kwanza aligonga mlango kwa kidole.

"Kazi yako nini weye?"

"Boti, mama."

"Boti za nini?"

"Za faiba."

"Haya, gonga."

Nikagonga. Ulikuwa mlio ule ule ninaousikia kazini kutwa nzima. Akafungua mlango, akainua zulia la pale abiria anapoweka miguu, chini yake sakafu nzima, akanifokea kwa lahaja ya kwetu Kismayu.

"Mchu mzima weye! Gari ya babako ilikuwa na tundu hapa, nalikiona mchanga wa njia. Akaliziba kwa bati la kopo la samli. Gari ikae Kismayu na chumvi ile yote, isile kutu? Boti ikiwa nzima chini, nunua. Gari ya kwetu ikiwa nzima chini, kimbia!"

Halafu akainama kwenye kibao. Aliipapasa ile pembe iliyokunjika.

"Hiki chake," akasema. "Rudi kwa mchu yule. Bangili mwachie. Muulize kibao kakitoa wapi."

Nilikimbia. Nilikuta geti limefungwa kwa kufuli, na majirani hawakujua hata jina lake. Baadaye fundi alinionyesha: bodi ya faiba imevikwa juu ya chasisi ya pikapu ya juzi juzi.

Sasa nisikilize, maana sitaandika mara mbili. Gari la kuiga si haramu. Likiuzwa kama la kuiga, kwa bei ya kuiga, bibi harusi hatajali. Lakini huyo muuzaji wako anasema ni la asili. Basi nenda na sumaku uipitishe mlangoni na kwenye boneti. Isiponata, hapo pana faiba. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe uilinganishe na kadi ya gari, na kama chuma kimesuguliwa pembeni mwa namba, aga uondoke. Kibao usikiamini kabisa, kinabebwa kwapani. Tazama alama za kiwanda na mwaka kwenye vioo, tazama pedali zimelika kiasi gani. Na umri anaokuambia uutafute chini, kwenye kutu na viraka. Akikuzuia kulala chini, amekwisha kukujibu. Zaidi ya yote, usiende na moyo uliokwisha kununua. Mimi niliyaona yote kwa macho haya haya, ila nilitaka sana liwe lake.

Mungu akuepushe na haraka, awahifadhi wanao, na boti yako iendelee kutoka na kurudi ikiwa mali yako.

Mamangu alifariki bila bangili na bila jibu. Kibao kiko ukutani kwangu. Vichwa vya skrubu vimeganda kwa kutu kwenye matundu yake, vimekatwa nyuma kwa msumeno. Kwa hiyo yuko mtu aliyechuchumaa nyuma ya gari la babangu akakata bila haraka, na hakuna aliyemzuia. Ilikuwa wapi, na babangu wakati huo alikuwa wapi, mpaka leo hatujui.