Mama Ursula na Ufagio wa Kibaha

Mama yangu, Ursula, alihamia kwangu Kibaha mwaka 1976, baada ya baba kufariki. Kule kwetu Mzenga alikuwa na shamba lake la mihogo, na tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa alikandika nyumba nzima kwa mikono yake. Kwangu alifika na furushi moja. Akaliweka chini ya kitanda, hakulifungua.

Mke wangu, Eugenia, alimpokea vizuri mno. Alimpashia maji ya kuoga, akamwekea kiti barazani. Mama akishika mwiko tu, aliambiwa, "Pumzika, mama."

Siku ya tatu tuliamka tukakuta uwanja umefagiwa. Jirani yetu Tatu alikuwa ameshaona.

"Mama Redempta," alimwita mke wangu, "kumbe siku hizi mkweo ndiye anayekuamsha kwa ufagio?"

Eugenia aliona haya. Mama mkwe akifagia wakati mkaza mwana amelala, majirani husema mke ni mvivu. Akauficha ufagio nyuma ya pipa.

Kesho yake mama aliutafuta, akaukosa. Akatoka na furushi kichwani.

"Ponsiano, nisindikize kwenye basi. Narudi Mzenga."

Mimi si msemaji. Eugenia ndiye aliyeuliza, "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila asiyeshika ufagio ni mgeni, na mgeni huaga. Nilifagia ili nami niwe wa hapa."

"Mimi nilidhani unanisema kwa majirani."

"Ningetaka kukusema, mwanangu, mdomo ninao."

Eugenia akacheka huku akifuta macho. Akaenda nyuma ya pipa, akarudi na ufagio, akampa mama kwa mikono miwili. "Nyuma ya nyumba ni kwako. Mbele niachie mimi, watu wasinicheke."

Asubuhi iliyofuata Tatu alichungulia tena. "Naona bibi bado yuko kazini."

"Huko nyuma ni kwake," Eugenia akamjibu kwa sauti ya kusikika. "Ukitaka kukatiza, mwombe yeye."

Mama alinyoosha mgongo. "Pita, mwanangu. Pitia pembeni, nimeshafagia."

Niliporudi kutoka kazini, furushi lilikuwa wazi. Ndani ya kanga alikuwa amefunga vipande vya miti ya mihogo ya Mzenga, na nyuma ya nyumba matuta yalikuwa tayari. Leo mtu akisifu kisamvu cha kwetu, hata mimi nisiyejua kusema husema: ni cha mama yangu.