Kupeleka maharagi ya Vuhovi mbele ya Ulaya

Tuliondoka Butembo juu courant ya umeme ilikatika. Yaya Kavira, ninamuita dada mukubwa kwa heshima tu, mwenye kusomea magonjwa ya maharagi, alikuwa na rendez-vous ku écran ya ordinateur na batu ya Ulaya benye kutoa bourse, franga ya utafiti, kwa bascientifiques ya inchi kama yetu. Dossier yake ilipita, ikabaki kujibu maulizo yabo. Akikosa, shamba yetu ya kujaribu mbegu kule Vuhovi inafungwa, naye anakwenda Kampala kuuza vitenge na mujomba yake. Vitenge! Mutu mwenye kujua maharagi vile! Mie ni motard wa équipe yake, mwenye kuendesha pikipiki, université hapana. Maharagi nilijifunza mu téléphone na nyuma yake mu shamba. Nikamuambia: "Yaya, panda. Beni courant iko."

Maboya, barrière. Soldat moja akafungua sachet ya yaya, majani yenye madoa-doa ndani.

"Oyo nini? Bangi?"

"Maharagi ya mugonjwa, chef," yaya akajibu.

"Munabeba mugonjwa Beni? Butembo hôpital hakuna?"

Benzake bakacheka. Damu ikanipanda, nikafungua kinywa. Yaya akanifinya ku mbavu: "Kambale, nyamaza! Leo hapana siku yako." Tukapita.

Kisha Kabasha barabara inashuka, joto inapanda. Ku vijiji ingine milango ilikuwa imefungwa juu ya vita. Hatukusimama.

Beni, commune ya Ruwenzori. Maman Furaha, rafiki ya yaya tangu chorale ya kanisa, ana bureau yenye connexion muzuri, mu parcelle moja na bamenuisiers, mafundi ya mbao.

"Wavukire!" akatusalimia. "Mukule kwanza. Mutu hapana kujibu bazungu na njaa!"

"Maman, tumechelewa," nikasema.

"Basi weye kula, yeye aongee. Weye njo unaonekana mubaya."

Ku écran, mama moja mwenye miwani. Maulizo ya maharagi, yaya aliyajibu mpaka nikatamani kupiga makofi. Halafu mama akasema: "Mademoiselle, mu équipe yako ninaona Kambale, Kambale, na tena Kambale. Sheria yetu inakataza kulipa familia. Ni bandugu yako?"

Yaya hata hajajibu, mie niko tayari mbele ya caméra.

"Familia gani? Mie Kambale wa Butembo! Ule wa Musienene! Mwingine wa Vuhovi! Munaita yaya yangu mwizi?"

Miwani ikarudi nyuma. Yaya akafumba macho. Nikajua nimeharibu.

Hakunifukuza. Akanyanyua ordinateur, akafungua mulango wa parcelle, akaita kwa nguvu: "Kambale!"

"Eeh!" menuisier mwenye kulainisha mbao na rabot.

"Niko!" mwenye kubeba mbao.

"Nani ananiamusha?" mwingine, akitoka mu copeaux ya mbao.

Na mie, bila kufikiri: "Yaya?"

Yaya akageukia écran, akasema polepole: "Kwetu Banande, jina inasema umezaliwa wa ngapi. Mwanaume wa pili kwa mama yake, ni Kambale. Hawa mie siwajui. Na ba Kambale ya équipe yangu, mababa yabo hata hapana kujuana."

Mama akacheka mpaka akavua miwani. "Na weye, Kavira?"

"Binti wa pili."

"Donc mie pia ni Kavira. Haya, turudi ku madoa ya majani."

Kurudi, tulipofika Kabasha, yaya akaniinamia ku sikio.

"Ulikuwa kama jogoo."

"Nilikuwa nakulinda!"

"Najua. Lakini ule mama hakututukana. Aliuliza juu hakujua."

Nikaongeza mwendo.

Vuhovi, mwezi wenye kufuata, tuko mu shamba, téléphone ikalia. Yaya akasoma, akasema "Oui, bourse tumepata," akaiweka mu mufuko, akashika tena jembe. Bamama ya shamba bakapiga vigelegele. Mie njo nililia, museme munachotaka.

Njia ya Beni ilinifundisha hii: hasira yangu ilimupenda yaya sana, lakini karibu imufungie mulango. Yeye alishinda juu aliamini ule mama anaweza kuelewa. Sasa batu ya bourse bakipiga simu na ulizo ya ajabu, ninavuta pumzi kwanza. Hapana kila mara. Lakini juzi nilivuta, na nikajibu muzuri.